Vichaka vya miombo, udongo wa Kasulu na ufuko wa Ziwa Tanganyika

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha milimani, kati ya Oktoba na Novemba, mto Luiche hubadilika rangi. Maji yaliyokuwa maangavu wakati wa kiangazi yanakuwa kama chai ya maziwa, yanateremka hadi kwenye delta iliyo kusini mwa mji wa Ujiji na kuingia Ziwa Tanganyika. Mvuvi aliyeko mwaloni anauona mkanda huo wa matope ukielea karibu na ufuko baada ya kila mvua kubwa. Mkulima aliyeko juu hauoni mkanda huo. Anachokiona yeye ni shamba ambalo siku hizi halitoi hata nusu ya mavuno ya zamani. Wote wawili wanazungumzia udongo uleule.

Wasikilizaji wetu wa Kasulu na Kibondo hutuuliza mara nyingi kwa nini serikali na mashirika wanahangaika na "pori" wakati watu hawana mashamba ya kutosha. Ni swali la haki, na jibu lake si fupi. Makala haya yanaeleza miombo ni uoto wa namna gani, kwa nini kichaka kinachoonekana hakina kazi kina kazi, na jinsi kinavyofungamana na ufuko wa ziwa ulio chini zaidi ya mita 400 kutoka mji wa Kasulu.

Miombo: neno la kwetu lililoenea duniani

Miombo ni jina lililotoka katika lugha za Kibantu na kuingia moja kwa moja katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Linataja misitu ya wazi inayotanda kuanzia magharibi na kusini mwa Tanzania kupitia kusini mwa Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji hadi Zimbabwe na Angola. Kwa eneo, huu ni mmoja wa misitu mikubwa ya nchi kavu ya kitropiki iliyobaki. Mkoa wa Kigoma uko kwenye ukingo wake wa kaskazini magharibi, ndiyo maana ukitoka Uvinza kwenda Kasulu na kupanda hadi Manyovu unapita kwenye miombo mirefu, kisha vichaka, kisha nyasi za milimani, kisha migomba.

Miti yake wakazi wanaijua kwa majina: mtundu, myombo wenyewe, mninga, mkurungu, mkora, mbanga. Mninga na mkurungu ndiyo inayotafutwa na wachana mbao. Mtundu na myombo haina sifa kubwa ya mbao, kwa hiyo huishia kwenye tanuri la mkaa, lakini ndiyo inayobeba msitu wenyewe: ndiyo mingi, ndiyo inayotoa maua ya nyuki, na ndiyo inayoshika udongo.

Miti hii ina tabia mbili zinazofaa kueleweka na kila mwenye shamba linalopakana na msitu. Ya kwanza ni kwamba huchipua majani mapya kabla ya mvua. Agosti na Septemba, nchi ikiwa imekauka kabisa, milima hubadilika kuwa na rangi ya shaba na nyekundu. Mti unatumia maji uliyoyaweka akiba na yale yaliyo chini sana ardhini. Kwa sababu hiyo mvua ya kwanza, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kubomoa kuliko zote kwa kuwa ardhi iko wazi na imeungua, hukuta paa la majani limeshatandwa. Shamba lililolimwa Septemba halina paa hilo. Matone yanapiga udongo mtupu.

Tabia ya pili iko chini ya ardhi. Mizizi ya miti ya jamii ya mtundu huishi kwa ushirikiano na kuvu. Kuvu hao huufunika mzizi kama soksi, wanatafuta madini ambayo mzizi peke yake usingeyafikia, na mti unawalipa kwa sukari. Uyoga mwingi wa porini unaouzwa kwenye mabeseni kandokando ya barabara wakati wa mvua ni matunda ya kuvu haohao. Mtundu ukikatwa pamoja na kung'olewa kisiki, uyoga wake nao unakwisha. Mkaratusi uliopandwa mahali pake utakua haraka na kutoa nguzo, na hatuna ugomvi na anayepanda mikaratusi kwenye shamba lake, lakini hautarudisha uyoga huo, wala asali yenye ladha ileile, wala majani yanayooza na kutengeneza udongo kama ya awali.

Kichaka si msitu uliokufa

Neno kichaka lina sifa mbaya. Kichaka ni mahali pa nyoka, pa wezi, pa nguruwe pori wanaotoka usiku kula muhogo. Kwa wazee wa Buha kina sifa mbaya zaidi, kwani ndicho kilichokuwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilihamisha watu wengi katika magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kukimbia ugonjwa wa malale. Mahali walipoondoka, miti ilirudi. Kwa hiyo baadhi ya misitu tunayodhani haijawahi kuguswa ilikuwa mashamba na maboma ya watu. Ukiona maembe katikati ya pori, au kipande cha jiwe la kusagia, usishangae.

Historia hiyo inafundisha jambo la kibayolojia: miombo inajua kurudi. Haitegemei sana mbegu. Inatoka kwenye visiki na mizizi. Mti wenye miaka hamsini ukikatwa, kisiki chake hutoa machipukizi kumi au ishirini yanayoshindana, na kwa miaka kadhaa eneo hilo linaonekana kama fujo ya vijiti. Hicho ndicho kichaka. Juu kina umri wa miaka mitatu, chini kina mizizi ya miaka hamsini. Anayekisafisha kwa jembe na kuchoma visiki anaua mti wa miaka hamsini, si wa miaka mitatu.

Dunia ina vichaka vingine maarufu vya namna hii, na kulinganisha kunasaidia. Kuzunguka Bahari ya Mediterania, nchi za Ufaransa, Italia, Hispania, Ugiriki na Algeria zina vichaka vigumu vyenye majani madogo ya ngozi, ambavyo Wafaransa huviita maki. Humo ndimo mlimotoka rozimeri na lavenda. Vichaka vya aina hiyo vipo pia California, Chile ya kati, Rasi ya Afrika Kusini na kusini magharibi mwa Australia, sehemu tano tu duniani ambazo mvua yake hunyesha majira ya baridi na kiangazi chake ni cha joto kali. Kwetu ni kinyume, mvua huja na joto. Lakini yanayofanana ni mengi: udongo maskini, moto wa kila mara, na mimea inayochipua upya kutoka chini. Hata kosa la binadamu linafanana. Kwa karne nyingi watu wa Mediterania waliviona vichaka vyao kama ardhi iliyoharibika, hadi miteremko ilipobaki mawe na fukwe zikajaa hoteli. Mwaka 1975 Ufaransa iliunda taasisi ya umma ambayo kazi yake ni kununua ardhi ya pwani na ya kando ya maziwa ili isijengwe. Tanzania haikuchukua njia ya kununua. Ilichukua njia ya sheria, na tutaifikia.

Njia mbili za maji

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi halielezwi vizuri, hata kwenye semina. Si kila mto wa nyanda za juu unaufikia ufuko wa ziwa kwa namna moja.

Maji ya upande wa magharibi, kutoka miteremko ya Manyovu na milima inayotazama ziwa, yana safari fupi. Luiche na vijito vingi visivyo na jina kwenye ramani hushuka moja kwa moja. Udongo uliotoka shambani asubuhi unaweza kuwa ziwani kabla ya kesho yake. Kaskazini ya mji wa Kigoma, kuelekea Gombe na mpaka wa Burundi, mteremko ni mkali zaidi na hakuna tambarare ya kupumzisha maji hata kidogo.

Maji ya Kibondo, ya Makere, ya Nyarugusu na sehemu kubwa ya mashariki ya Kasulu yana safari nyingine kabisa. Yanaingia Malagarasi. Mto huu ni wa ajabu: unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, si mbali sana na ziwa, lakini badala ya kushuka ziwani unakwenda kaskazini mashariki, unakuwa mpaka wa nchi mbili kwa sehemu, unageuka kusini, unakutana na Muyovozi na maji ya Ugalla, ndipo unarudi magharibi kupitia Uvinza na kumwaga maji eneo la Ilagala. Bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 130,000, kubwa kuliko la mto mwingine wowote unaoingia Ziwa Tanganyika. Wanasayansi wanauona kuwa ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Zamani uliendelea hadi mto Kongo, kabla ya bonde la ufa kuukata, na hadi leo una samaki wa jamii za Kongo ambao ziwani hawapo.

Katikati ya safari hiyo kuna mabwawa na mafunjo. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, Aprili 2000, ikiwa na hekta zipatazo milioni 3.25. Humo yumo nzohe, yule swala wa majini, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu. Kwa mada yetu, kazi kubwa ya mafunjo ni kuchuja. Maji yanapoingia kwenye mafunjo yanapunguza mwendo, na udongo unatua.

Maana yake ni kwamba udongo wa Kibondo kwa sehemu kubwa haufiki Kigoma. Unabaki njiani, ndani ya mabwawa. Huo si udhuru. Bwawa linalopokea udongo kila mwaka hupungua kina, mikondo huhama, na eneo la kuzalia kambare na perege hukauka mapema. Na mafunjo yenyewe yakikatwa na kulimwa mpunga au kukanyagwa na mifugo, kichujio kinatoboka. Mtu wa Kibondo anayelinda kichaka chake analinda kwanza mabwawa yake mwenyewe, kisha kisima cha kijiji chake, na ziwa likiwa la tatu. Tunadhani ni vizuri kumwambia hivyo kuliko kumhubiria habari za dagaa wa Kibirizi.

Kinachotokea ufukweni

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Ukubwa huo unadanganya. Sehemu kubwa ya kina hicho haina oksijeni na haina samaki. Uhai mwingi wa aina za kipekee umejibana kwenye mkanda mwembamba wa ufuko, hasa kwenye miamba, ambapo mwanga unafika na mwani unaota juu ya mawe.

Katika mkanda huo wanaishi samaki wadogo wa rangi wa jamii ya perege, aina zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wengine hukwangua mwani kwenye jiwe. Wengine hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyokusanyika chini. Kuhe, ambaye ni mkubwa kuliko ndugu zake wote wa jamii hiyo na anayejulikana vizuri sokoni, huja kwenye maji ya ufukweni kutaga na kulinda watoto wake. Aina moja ya dagaa nayo hukulia karibu na ufuko kabla ya kwenda kilindini.

Matope yakitua kwenye miamba hiyo, mwani unafunikwa, nyufa zinajaa na makombe yanazikwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na Andrew Cohen na wenzake ulilinganisha sehemu za ufuko wa kaskazini mwa ziwa zinazopokea udongo mwingi na zile zinazopokea kidogo, ukakuta kwamba palipo na udongo mwingi aina za samaki na wadudu wadogo wa majini zilikuwa chache. Na matope yakiingia hayatoki. Ziwa hili hupoteza maji yake mengi kwa mvuke, na mlango wake pekee ni mto Lukuga upande wa Kongo. Linafanana zaidi na chungu kuliko na mfereji.

Hata hivyo tusiutwike udongo mzigo wote. Kupungua kwa dagaa na migebuka kuna sababu nyingine mbili nzito. Moja ni uvuvi wenyewe, hasa nyavu za macho madogo na makokoro yanayokokota ufukweni. Nchi zinazolimiliki ziwa zimeanza kufunga uvuvi kwa vipindi, na mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei. Sababu nyingine ni joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha dagaa kinapungua, na tafiti zilizochapishwa tangu 2003 zimeonyesha kwamba hali hiyo inaendelea. Mkulima wa Kasulu hawezi kupoza ziwa. Udongo ndio sehemu ya tatizo iliyo mikononi mwake.

Nani anakula pori

Kilimo ndicho kinachoongoza. Mahindi, maharage na muhogo vinahama kufuata udongo wenye nguvu, na kila mwaka mpaka wa pori unasogea. Tumbaku ina njaa ya aina mbili, inataka shamba jipya na inataka kuni za kukaushia majani. Mkaa unafuata barabara. Pale lami inapofika, magunia yanajipanga. Mifugo iliyohamia kutoka mikoa ya kaskazini imeongeza mzigo, hasa kwenye mabonde na kando ya ardhioevu. Migogoro kati ya wakulima na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini, eneo la Kagera Nkanda, inajulikana na kila msikilizaji wa Kasulu, na haikuwa migogoro ya karatasi. Watu waliondolewa mashambani, wakarudi, wakaondolewa tena.

Kisha kuna kambi. Suala hili linahitaji kusemwa kwa uangalifu kwa sababu ni rahisi kumlaumu mkimbizi. Tangu 1993 Warundi, na tangu 1996 Wakongo, walifikia Kasulu, Kibondo na maeneo ya jirani kwa malaki: Mtabila, Muyovozi, Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Karago, Nyarugusu. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliifungua upya Nduta, kisha Mtendeli, ambayo nayo ilifungwa mwaka 2021. Nyarugusu kwa wakati mmoja ilikuwa na watu zaidi ya laki moja na nusu, wengi kuliko miji mingi ya mkoa. Watu wote hao wanapika. Mgawo ni maharage na unga, na maharage yanataka moto wa saa nyingi. Sheria za kambi haziwaruhusu kwenda mbali, kwa hiyo kuni zote zinatoka kwenye duara moja, ambalo huwa jeupe ndani ya miaka michache. Wanawake na wasichana ndio wanaotembea, na wengi wameshambuliwa njiani. Wenyeji nao wanaona pori lao limekwisha na hawaoni fidia.

Katika miaka iliyopita yamefanywa majaribio ya gesi kambini na kugawa majiko yanayotumia kuni kidogo. Nje ya kambi serikali imeagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 ziache kuni na mkaa, na Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa mji wa Kasulu lengo hilo linaweza kueleweka. Kwa kaya ya kijijini Kibondo, ambako mtungi wa gesi unasafirishwa kwa pikipiki na kuni ni za bure, hesabu ni tofauti, na tunaona mkakati unaosahau jiko bora la kuni utawaruka watu wengi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Inahusu ufuko wa Kibirizi na inahusu pia kijito kinachopita nyuma ya shamba lako Muhunga. Kilimo cha mabondeni wakati wa kiangazi, ambacho ndicho kinachowapa wengi mboga na pesa ya ada za shule, kipo ndani ya mita hizo. Ndiyo maana sheria hii hutiwa nguvu kwa msimu na kulegezwa kwa msimu.

Sheria ya Misitu ya 2002 inatoa nafasi ambayo vijiji vingi havijaitumia. Kijiji kinaweza kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kikaweka sheria ndogo, kikatoza faini na kukusanya mapato ya mazao ya msitu huo. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na mpango wa matumizi bora ya ardhi unaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Bila mpango huo, msitu wa kijiji mbele ya sheria ni ardhi ya kijiji tu, na mwenyekiti mwenye tamaa anaweza kuigawa ekari moja moja mpaka iishe.

Kwa ziwa lenyewe, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu Dar es Salaam Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mkataba huo unataja pia udongo unaoingia ziwani. Utekelezaji wake unategemea halmashauri za wilaya, ambazo bajeti zao za mazingira si siri kuwa ni ndogo.

Yaliyofanya kazi

Mfano wa karibu uko Gombe. Jane Goodall, aliyefika hapo Julai 1960 kuchunguza sokwe na aliyefariki Oktoba 2025, aliruka kwa ndege juu ya eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 akakuta hifadhi ni kisiwa cha kijani katikati ya milima mitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mwanzoni walikuja na vitalu vya miche. Baadaye ilidhihirika kwamba njia nyepesi zaidi ni kuacha visiki vichipue. Vijiji vilitenga misitu yake kwenye miteremko, na sehemu kadhaa zilizokuwa nyasi tupu zimerudi kuwa miombo michanga bila mche hata mmoja kupandwa.

Njia hiyo ndiyo inayoitwa kisiki hai. Mwenye shamba anachagua kisiki kilicho hai, anaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, anapogoa mengine na matawi ya chini, kisha anaweka alama ya kitambaa ili jembe au mchungaji asiyaguse. Vijiti vilivyopogolewa ni kuni za mwaka huohuo. Haihitaji mbegu, maji wala fedha. Inahitaji mwenye shamba awe na uhakika kwamba shamba litaendelea kuwa lake, na hapo ndipo wapangaji wa mashamba hushindwa, kwa sababu hakuna anayetunza mti utakaovunwa na mwingine.

Moto ndio adui wa kisiki hai, lakini si kila moto. Moto wa mapema, wa Mei na Juni, hupita juu ya nyasi ambazo bado zina unyevu, ukaacha machipukizi hai na kupunguza kuni za moto wa baadaye. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta nyasi ni baruti na majani mapya yametoka tu, na unaua. Wawindaji na wachungaji wanaochoma Septemba kutafuta majani mabichi wanafuta kazi ya miaka mitatu kwa mchana mmoja.

Nyuki ni hoja yenye nguvu kuliko semina yoyote, hasa Kibondo, wilaya yenye jina kwa asali. Mfugaji mwenye mizinga msituni hulinda msitu bila kuajiriwa. Tatizo moja linasemwa kidogo: mzinga wa gome. Ili kuutengeneza, mti huchunwa gome kuzunguka shina, na mti huo hufa. Mfugaji mwenye mizinga ya magome hamsini ameua miti hamsini inayolisha nyuki wake. Mizinga ya magogo ni afadhali, na ya mbao ni bora, ingawa bei ya mbao inawarudisha wengi kwenye gome.

Kijiji kinachotaka kuanza huanzia kwa ofisa misitu au ofisa ardhi wa halmashauri, kwa barua ya serikali ya kijiji yenye muhtasari wa mkutano mkuu. Kinachofuata ni kupima mipaka, kuunda kamati ya maliasili, kuandika sheria ndogo na kuzipeleka kwenye baraza la madiwani. Hatua inayochelewa karibu kila mahali ni mipaka na kijiji jirani, kwa hiyo ni busara kumaliza maneno na jirani kabla ya kumwita mpimaji.

Upande wa ziwani kuna swali jingine la vipimo ambalo limejitokeza tangu 2020, ziwa lilipoanza kupanda na kufunika nyumba, barabara na sehemu za mialo ya Kigoma, kisha likapanda tena 2024. Mita 60 zilizopimwa kutoka ukingo wa zamani sasa, kwa baadhi ya maeneo, ziko ndani ya maji.